Karai la Taa

Asubuhi ile Agustina alimkuta mumewe amepiga magoti katikati ya jiko, na haikuwa kwa ajili ya sala. Machage alikuwa ameshika kwa mikono miwili kile kibao cha taa cha binti yao, amekilaza karibu na sakafu, uso wake umemulikwa nyekundu na njano. Vidoa vya taa vilikuwa vikiteremka juu ya kibao kama mvua inayoanza. Kila baada ya muda kilitoa mlio mwembamba, ti!, na kila kilipolia Machage alifumba macho kama mtu anayekunwa mgongo.

"Baba Ghati, umepoteza nini?"

"Nyamaza kwanza."

"Uji wa watu uko motoni, wewe umelala kwenye njia yangu, halafu ninyamaze?"

"Agustina," alisema bila kuinua uso, "miaka yote hii tumekuwa tukipikia maharage juu ya dhahabu."

Agustina alikuwa mtu wa Nata, na kwao, alivyopenda kusema, watu hucheka kwanza, kukasirika wanakasirika wakishapata nafasi. Akacheka. Kisha akaliona lile jicho la mumewe, jicho la siku zile anazotoka shimoni na kusema kesho, kesho hakika, mwamba umeshaanza kung'aa. Kicheko kikamkaukia mdomoni.

Jiko lenyewe lilikuwa bati juu ya nguzo, mabenchi mawili, na meko matatu. Lakini sakafu! Sakafu ile Agustina aliijenga kwa mikono yake. Alisomba marudio, mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa dhahabu yake, akachanganya na saruji, akasawazisha kwa ubao na chupa ya maji iliyolazwa. Kapovu kakisimama katikati ya chupa, pako sawa, kakikimbia, unarudia. Alirudia mpaka majirani wakamwonea huruma. Kiwanja chao chote kimelalia mtoni. Ukiweka chungwa mlangoni utaliokota kwa watu. Jikoni tu ndiko supu ilikokaa sawa kwenye bakuli, na ndiko walikokula vijana wa karasha, wale wanaosaga mawe kutwa nzima mpaka kope zao zinakuwa za kijivu.

Yaani walikokuwa wakila. Tangu Dorka wa ng'ambo ya barabara aning'inize televisheni bapa, nusu ya vijana walihamia kwake, wakawa wanakula maharage yasiyoiva vizuri huku wakitazama mpira wa jana. Agustina alibaki anapepea inzi. Ndipo Ghati, aliyekuwa fundi simu pale senta ya Kerende, alipomwambia mama yake, "Televisheni hatuna. Lakini wao wanatazama watu wakicheza. Mimi nitawatengenezea kitu wacheze wenyewe."

Ubao wa taa aliutoa kwenye bango la gesti moja iliyopigwa radi, bango lililokuwa likitembeza maneno VYUMBA VIPO kuanzia magharibi hata siku ambazo vyumba havikuwepo. Nusu ya taa zilikuwa zimekufa. Akaikata ile nusu iliyopona. Mgongoni akafunga kibao kidogo chenye chipu moja nyeusi, alicholetewa na rafiki yake Awino kutoka ng'ambo ya mpaka pale Sirari. Huo ndio ulikuwa ubongo. Aliuandikia amri kwenye kompyuta ya kuazima ya duka la steshenari, nao ukawa unawasha taa mstari mmoja mmoja, wa juu, unaofuata, mpaka wa chini, kwa kasi ambayo jicho huamini zote zinawaka pamoja. Akaongeza kipande kingine kidogo kuliko punje ya hindi, kinachojua kama kitu kimelala sawa au kimeinama; kama kile kinachogeuza picha kwenye simu.

Mchezo wenyewe aliuita Karai. Mawe yanaanguka kutoka juu. Chini kuna mstari mfupi wa kijani, ndio karai lako. Ukiinamisha kibao kushoto linateleza kushoto, ukiinamisha kulia linafuata. Ukidaka la njano, hiyo ni dhahabu: ti!, pointi. Ukidaka jekundu, hiyo ni baruti: ubao mzima unawaka mwekundu, umekufa, anza upya.

Machage alikuwa amepita jana jioni Ghati akiunganisha waya wa mwisho. "Na hizi taa ni za nini?" aliuliza. "Hizo nyekundu ni baruti, baba, hizo njano ni dhahabu," binti akajibu, macho kwenye pasi ya kuyeyushia risasi. Alikuwa na maelezo mengine marefu baada ya hayo. Lakini Machage akishasikia neno dhahabu, kinachofuata humpita pembeni kama upepo. Alishawaona mashambani watu wenye ditekta, ile mashine ya kunusia dhahabu ardhini, wanatembea wameinama, wamevaa vitu masikioni, na nyuma yao umati unafuata kimya kama msiba. Akajua anachokiona. Kulipopambazuka akakichukua kibao, akazunguka nacho kiwanja kizima. Kwenye mihogo, kimya. Zizini, mlio mmoja wa aibu. Chooni, kimya. Kiwanja kimeinama, na yeye aliinama nacho, kwa hiyo karai lilikimbilia ukingoni likajificha huko. Jikoni, juu ya sakafu ya Agustina iliyolala sawa, karai likasimama katikati, pale mawe yanapoangukia zaidi. Ti! Ti! Ti!

"Baba Ghati," Agustina alisema polepole, "hicho ni cha kuchezea."

"Nimeshampigia Wangwe."

"Umempigia lini?"

"Kabla hujaamka," alijibu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mlango.

*

Wangwe alifika uji haujapoa. Alikuwa mwenye duara, yaani shimo lile ambalo Machage alishuka kila siku, na mwenye karasha jirani. Shati lake jeupe halikuwahi kufahamiana na vumbi la Kerende. Nyuma yake walikuja vijana wenye sururu na majembe, na nyuma ya vijana wakaja wateja wa Dorka wameacha mpira.

"Shikamoo, bosi," Machage alisema, ingawa hawakupishana umri kwa kitu cha maana.

"Marahaba. Kiko wapi?"

Machage akamwonyesha. Kibao kikalia pale jikoni mbele ya watu, na watu wakasema "aaa" kwa pamoja kama kanisani. Wangwe alizunguka sakafu, akaigongagonga kwa kisigino, akachukua kipande cha mkaa mekoni bila kuomba, akachora msalaba mkubwa katikati, mahali ambapo Agustina huweka sufuria la wali.

"Hapa. Mama, utahamisha vyombo."

"Nivihamishie wapi, shemeji? Mgongoni?"

Watu wakacheka. Wangwe naye akacheka, kicheko cha mtu asiye na haraka. "Ukishakuwa mke wa mwenye eneo utajengewa jiko la marumaru. Machage, mura, mwanaume wewe, mkono."

Hapo ndipo palipomnogea Machage. Shimo likifunguliwa kwenye ardhi ya mtu, mwenye ardhi hupata mgao wake wa mifuko ya mawe bila kushika sururu. Anakaa kivulini, anaitwa mwenye eneo, na hata wale waliomcheka wanamsogezea kiti. Machage alikuwa amewasogezea viti wenye maeneo tangu ujana wake. Akatoa mkono. Wakashikana mbele ya watu wote, na kwa watu wa kule mkono uliotolewa mbele ya mashahidi si wa kuurudisha mfukoni.

"Kesho asubuhi tunachinja mbuzi wa kufungulia shimo," Wangwe akatangaza. "Mbuzi anatoka kwa mwenye eneo."

"Na nitampikia wapi?" Agustina akauliza. "Maana jikoni ndiko mnakochimba."

Wangwe alikuwa ameshawageukia vijana wake. Ghati alifika wakati huo anahema, alikuwa ameitwa kutoka senta. Akawasalimia wakubwa, kisha akasema waziwazi, "Jamani, huo ni mchezo. Nimeutengeneza wateja wa mama wacheze wakingoja chakula. Hauijui dhahabu, haujawahi hata kuiona."

Wangwe akamtazama kwa upendo wa mtu anayemtazama ndama mjanja. "Hata mimi ningekuwa na ditekta ningesema ni redio."

"Mzee, nakuapia."

"Usiape, binti. Mtu mwenye akili lazima afiche. Nakusifu."

Kijana mmoja wa karasha, Method, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akapaza sauti, "Bosi, na kikilia kwenye nyumba ya mtu asiyetaka kuchimbiwa?"

"Sheria ni moja tu," Wangwe akasema, akiwageukia watu, mkono juu. "Kikilia, tunachimba. Nyumba ya nani, haituhusu. Hata kilie sebuleni kwangu mwenyewe mtaniona nashika sururu!"

Watu wakampigia makofi. Agustina hakupiga. Alikuwa anautazama ule msalaba wa mkaa, akijizuia asiiname na kitambaa kuufuta mbele ya wageni.

*

Mchana ule Ghati alifanya kosa lake. Alirudi kwenye kompyuta ya kuazima, akatafuta mistari inayoangusha mawe ya njano, akaifuta yote. Alimrudishia baba yake kibao ambacho kingeweza kuzungushwa mkoa mzima wa Mara bila kutoa mlio. Wazo lilikuwa zuri. Kwenye mji wowote mwingine lingefanya kazi.

"Bosi," Machage akasema asubuhi, mbuzi amefungwa kwenye nguzo na vijana wameshavua mashati, "nimepima tena. Nafikiri nilikosea. Hakuna kitu."

Wangwe akakichukua kibao, akakishika pale juu ya msalaba. Kimya. Akakitikisa. Nyekundu zikashuka, ubao ukawaka mwekundu wote, basi.

Watu wakasogea karibu. Halafu Wangwe akatabasamu polepole, akawageukia watu.

"Mmeona? Jana kinalia kama kifaranga. Leo kimefungwa mdomo. Ninyi mnafunga mdomo wa kitu kisicho na la kusema?"

"Wanaficha!" Method akasema.

"Wamepata mteja mwingine," akasema mwingine. "Mhindi wa Musoma."

"Machage, unataka kuongezewa mgao? Si useme tu, mura. Tunaongea kama wanaume."

"Sitaki kuongezewa. Nimekosea, bosi. Ni kitu cha mtoto."

"Nakuongeza kidogo."

"Sitaki!"

"Anakataa nyongeza," Wangwe akawaambia watu, kwa mshangao wa kweli. "Basi humo chini kuna mlima. Mbuzi atasubiri." Akampa ishara kijana mwenye sururu.

Kule Kerende mtu akisema ana dhahabu, watu humwangalia mfukoni. Akisema hana, humfuata mpaka nyumbani. Ghati alizaliwa hapo na alilijua hilo. Alikuwa amelisahau tu, kwa kuwa kutwa nzima huongea na vitu ambavyo ukiviambia hapana vinaelewa ni hapana.

Sururu ikashuka. Sakafu ya Agustina haikupasuka kwa pigo la kwanza, na hapo baadhi ya vijana wakatazamana kwa heshima. Kwa pigo la pili ilitoa sauti kama chungu. Agustina alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnaochimba, chimbeni vizuri. Huyo mwenye fulana ya bluu amekula kwangu chapati asubuhi ya juzi akasema atarudi. Karibu, mwanangu. Naona umerudi."

Yule mwenye fulana ya bluu akaishusha sururu yake, akajifanya anafunga kiatu. Lakini wenzake waliendelea, na kabla jua halijapanda shimo lilikuwa limefika magotini.

*

Baba, mama na binti wakakaa nyuma ya zizi, kwenye gogo la kufungia ng'ombe, kwa kuwa jikoni hapakuwa na pa kukaa. Ghati alikuwa amezirudisha njano zake. Akampa baba yake kibao.

"Cheza."

"Mimi?"

"Inamisha kushoto. Hivyo. Karai linaenda kushoto. Sasa daka hiyo ya njano."

Machage akainamisha. Karai likateleza, likadaka: ti! Akainamisha tena, likadaka jekundu, ubao ukamlipukia usoni. Akakipangusa kwa kiganja. Akacheza tena. Akalipuka tena. Uso wake ulibadilika rangi huku wanamtazama.

"Kwa hiyo pale jikoni kililia kwa sababu..."

"Kwa sababu sakafu ya mama imenyooka," Ghati akasema. "Basi."

Machage akakiweka kibao mapajani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo ya fahali, na ilikuwa vigumu kumtazama akiwa mdogo. "Nimeuza jiko la mama yako kwa mchezo."

"Hujauza," Agustina akasema. "Umetoa mkono tu. Ungeuza, tungekuwa na kitu cha kushika."

"Siwezi kuurudisha, Agustina. Mbele ya watu wote wale? Nitashuka duara la nani tena? Wataniita Machage wa taa mpaka nizikwe."

"Watakuita tu. Swali ni kama watakuita umeshiba au una njaa."

Machage akacheka bila kupenda. Kisha akaacha kucheka, akainua kichwa. Jicho lile likarudi, lakini safari hii lilikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu ambacho Agustina hakuwa amekiona tangu Machage alipomchumbia kule Nata na ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea, akamshawishi baba mkwe kwamba ndivyo ng'ombe wa kwao Tarime wanavyotembea.

"Ghati," alisema. "Unaweza kukifanya kisilie kabisa. Je, unaweza kukifanya kilie kila mahali?"

Binti akamtazama. "Kila mahali?"

"Mtu akikishika sawa, kilie. Akikishika vibaya, kilie. Akienda nacho peponi, kilie."

"Karai lijipeleke lenyewe kwenye njano," Ghati akasema, akijisemea. "Nisisikilize mlalo kabisa. Mistari mitatu tu, baba. Hata minne haifiki."

"Wangwe alisema nini jana mbele ya watu?"

Agustina ndiye aliyekumbuka kwanza. Alijipiga paja kwa ule mwiko, mpaka mbuzi kule kwenye nguzo yake akashtuka.

*

Saa sita Machage aliingia jikoni kifua mbele. Shimo lilikuwa kiunoni sasa na halikuwa na kitu ila udongo mwekundu na kijiko cha Agustina kilichopotea zamani.

"Bosi," alisema, "nimeshindwa kulala na dhamira yangu."

"Ni mchana huu, mura."

"Basi nimeshindwa kukaa nayo. Ni kweli tulikifunga mdomo. Binti amekifungua. Sasa hakifichi kitu. Lakini mimi naogopa kukishika, tamaa itanipotosha tena. Shika mwenyewe. Tembea nacho mwenyewe."

Ghati akampa Wangwe kibao kwa mikono miwili, na goti limekunjwa kidogo, adabu tupu. Wangwe akakipokea. Ti! Ti! Ti! Watu wakashangilia. Wangwe akapiga hatua kutoka jikoni kwenda kwenye mihogo, na kikaendelea: ti! ti! Akasimama. Akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Mkondo wa dhahabu unaenda huku," akanong'ona.

"Ufuate, bosi," Machage akasema.

Wakaufuata. Wangwe mbele, ameinama, Machage pembeni yake na sururu begani, vijana, wateja, mbuzi, aliyekuwa amejifungua kamba, na Agustina nyuma ya wote na mwiko wake. Walivuka barabara. Kikalia kwa Dorka, na Dorka akatoka mbio akajibandika mbele ya televisheni kwa mikono iliyotandazwa. "Kikilia tunachimba!" Method akapiga kelele. "Tutarudi, dada Dorka, fungasha!" Kikalia kwenye karasha. Kikalia kanisani, na vijana wakavua kofia huku wakihesabu kwa macho mabenchi ya kuhamisha. Wangwe jasho lilimtoka kwa furaha. Kerende nzima ilikuwa dhahabu! Alitembea kama bwana harusi.

Mkondo, kama mikondo yote siku ile, ulielekea pale Machage alipokuwa akiusukuma kwa bega lake, taratibu, kwa heshima. "Nafikiri umekata kushoto, bosi. Sikiliza." Na kweli kushoto kililia. Ukakata kushoto tena, ukapita geti la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu, ukapanda ngazi, ukaingia kwenye sebule yenye marumaru nyeupe zilizong'aa hata nzi wakateleza. Ti! Ti! Ti! Ti!

Hapo Wangwe akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu avuke barabara aliinua uso akaona alipo.

Mkewe, Mokami, alikuwa kwenye kochi anachambua dagaa kwenye ungo. Alimtazama mumewe, akatazama viatu vya watu vilivyojaa mlangoni, akatazama zile sururu.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, mama, shikamoo," vijana wakajibu kwa pamoja.

"Marahaba. Ni nini hicho kinalia mikononi mwa baba mwenye nyumba?"

"Dhahabu, mama," Method akasema kwa sauti ya kufariji. "Ipo hapahapa. Usiwe na wasiwasi, mwenye eneo anapata mgao wake."

Machage akashusha sururu begani, akaisimamisha juu ya marumaru kwa upole kama mtu anayeweka yai. "Tuanzie wapi, bosi? Sebuleni au chumbani? Maana naona kuna mlio mkubwa upande wa kitanda."

Kile kibao kiliendelea. Ti. Ti. Ti. Vijana hawakuwa wanatania. Hilo ndilo Wangwe aliloliona machoni mwao. Walikuwa wanachimba kwa ajili yake tangu sauti zao zianze kuwa nzito, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaribishwa mpaka hapa. Yule mwenye fulana ya bluu alikuwa ameshatema mate viganjani.

"Atakayegusa sakafu yangu," Mokami akasema bila kuinua sauti, "nitamchimba yeye kwanza."

"Lakini mama, bosi mwenyewe alisema jana mbele ya watu..."

"Ngojeni," Wangwe akasema.

"Alisema hata sebuleni kwake."

"Ngojeni, nimesema! Hiki kitu... mnakiona hiki kitu?" Alikigeuza. Kilikuwa na gundi, waya, na kipande cha bango la gesti chenye masizi ya radi. Akakiinua watu wakione. "Hiki ni kitu cha watoto. Mnataka kubomoa nyumba ya mtu kwa sababu ya kitu cha watoto? Hamna akili?"

Yule mwenye fulana ya bluu akafuta viganja kwenye suruali. Agustina alisukuma watu kwa adabu, akapita mpaka mbele, akasimama kwenye marumaru na ndala zake zenye udongo wa jikoni kwake.

"Rudia, shemeji. Watu wa nyuma hawajasikia."

"Ni cha watoto," Wangwe akasema.

"Ndivyo nilivyosema jana, mzee," Ghati akasema. "Uliniambia nisiape."

Mokami akaweka ungo chini. Alikuwa ameanza kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyomtazama mumewe kwa raha. "Jikoni kwa huyu mama kuna nini sasa hivi?"

"Shimo," Agustina akasema. "Limefika kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

"Cha kijana mrefu."

"Haya." Mokami akawageukia vijana. "Si mmekuja na majembe? Saruji ipo stoo, ile ya banda la kuku. Chukueni. Na baba mwenye nyumba atakwenda nanyi, awashikie ubao." Kisha akanyoosha mkono kwa Ghati. "Nionyeshe, binti. Kinachezwaje?"

Ghati akabonyeza kitufe kidogo cha mgongoni, akakirudisha kwenye mchezo wa kweli. Mokami akakishika, akainamisha, akadaka, akadaka, akalipuka, akapiga kelele ya kuchekelea mpaka wakaisikia waliokwisha kufika barabarani na mifuko ya saruji.

*

Shimo lilifukiwa, likashindiliwa, likamwagiwa zege. Wangwe alishika ubao kweli, mikono ya shati imekunjwa. Machage alikuwa upande wa pili wa ubao huohuo, na ilimbidi bosi wake afuate mwendo wake, maana anayesawazisha peke yake anatengeneza kilima. Hawakuzungumza sana. Mara moja tu Wangwe alisema, "Mura, ulijua?" Machage akajibu, "Jana sikujua, bosi. Leo nilijua." Wangwe akafikiri, akaguna. "Kesho uje kazini mapema," akasema, na hilo lilitosha kwa wote wawili.

Walipomaliza, Agustina alileta chupa yake ya maji, akailaza. Kapovu kakakimbilia upande wa Wangwe.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia. Kakakimbilia upande wa Machage.

"Rudieni."

"Mama, ni jiko tu hili," Method akalalamika, kiuno kinamuuma.

"Kama ni jiko tu, mbona jana mlikuwa mnaliabudu?"

Wakarudia mpaka kapovu kakasimama katikati, hakaendi huku wala huku, na Agustina akakatazama kale kapovu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Zege lilipokauka, siku hiyo ya kwanza ya kupika, vijana wa karasha walijaa mabenchi yote mawili na wengine wakakaa juu ya ndoo. Mbuzi alikuwa amesamehewa. Alifungwa nyuma, anatafuna maganda. Kibao kilipita mkono hadi mkono, watu wanalipuka, wanatukanana, wanasahau kwamba wali umechelewa. Hata wateja wa Dorka walikuwepo, na Dorka mwenyewe alikuja kuona, akaambiwa apange foleni. Wangwe alifika mwisho. Alisimama nje ya kivuli cha bati, mikono nyuma, akimtazama yule mwenye fulana ya bluu akidaka njano baada ya njano.

"Inamisha kidogo," akashindwa kujizuia. "Kushoto! Kushoto, wewe! Hebu lete hapa."

Akanyoosha mkono. Kabla kibao hakijamfikia, mwiko wa Agustina ukatangulia, ukasimama katikati yake na zile taa.

"Dhahabu ipo, shemeji, kila mtu hapa ameiona," Agustina akasema. "Ila kwangu, wa kuchimba anaagiza chakula kwanza."